Jinsi ya kuifufua saraka ya CV ya idara ili waajiri waitumie

Mwajiri akiwapigia watu watatu wa kwanza kwenye saraka ya CV ya idara na kuambiwa wote walishapata kazi zamani, hampigii wa nne. Anafunga ukurasa na kurudi kwa watu anaowajua. Ndiyo maana saraka nyingi za idara, hata zenye sura ya kupendeza, hazimpatii mtu kazi: zimejaa majina ya watu ambao hawatafuti tena. Ukarabati uanzie hapo, kwenye uhai wa taarifa. Rangi na nembo vinaweza kusubiri.

Mwongozo huu ni wa yeyote aliyekabidhiwa saraka hiyo, awe mratibu wa mafunzo kwa vitendo, katibu wa idara, mhadhiri au fundi wa tovuti. Hatua zimepangwa kwa mfuatano wa kazi. Ukiruka ya kwanza, zinazofuata utazifanyia rekodi zilizokufa.

1. Jua nani bado anatafuta

Usiguse muundo kwanza. Toa rekodi zote kwenye jedwali, mstari mmoja kwa kila mtu: jina, barua pepe, simu, mwaka wa kuhitimu, tarehe rekodi ilipobadilishwa mara ya mwisho, na jina la faili la CV. Kama saraka yenyewe ni ukurasa mmoja wenye viungo vya PDF, jedwali utalijaza kwa mkono. Inachosha, lakini utajifunza mengi kuhusu ulichorithi.

Angalia unavyofungua jedwali hilo. Faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) lililohifadhiwa kwa UTF-8, mfumo wa kuandika herufi za lugha zote, likifunguliwa kwenye Excel kwa kubofya mara mbili tu, majina yenye herufi za alama huweza kugeuka takataka, na nambari za simu zinazoanza na sifuri hupoteza sifuri hiyo kwa sababu programu huzichukulia kama hesabu. Ukishahifadhi hivyo, sifuri hazirudi. Ingiza faili kupitia menyu ya data, chagua UTF-8, na weka safu ya simu iwe maandishi. Nakala ya awali iweke pembeni, usiiguse kamwe.

Kisha mwandikie kila mtu ujumbe wenye swali moja:

"Jina lako limo katika saraka ya CV ya idara. Je, bado unatafuta kazi? Chagua moja: Bado natafuta. Nimepata kazi, nifiche. Nifute kabisa. Tusipopata jibu lako ndani ya siku 14 tutaificha CV yako, na unaweza kuirudisha wakati wowote."

Barua nyingi zitakurudia. Sababu kubwa ni kwamba watu walijisajili kwa anwani ya chuo, na vyuo vingi huifunga anwani hiyo baada ya mtu kuhitimu. Tangu sasa fomu idai anwani binafsi, na anwani ya chuo itumike kuthibitisha tu kwamba mtu ni wa idara. Rekodi ambayo barua yake imerudi ifiche siku hiyohiyo. Mtu asiyepatikana na idara yake hatapatikana na mwajiri.

Kuna tatizo jingine ambalo huwashangaza hata mafundi. Mifumo ya ulinzi wa barua pepe mara nyingi hufungua viungo vyote vya ujumbe kabla haujamfikia mwenyewe, ili kukagua kama ni salama. Ikiwa kiungo cha "Nifute kabisa" kinafuta mara tu kinapofunguliwa, mashine itafuta watu ambao hata barua hawajaisoma. Kiungo kifungue ukurasa wenye kitufe, na kufuta kufanyike pale tu mtu anapobofya kitufe hicho.

Baada ya usafi wa mara ya kwanza, ugeuze kuwa mzunguko unaojiendesha. Ratiba inayofaa idara nyingi ni hii: ukumbusho wa kwanza siku ya 150 tangu mtu athibitishe, wa pili siku ya 165, na siku ya 180 rekodi inajificha yenyewe. Ikikaa mwaka mzima imefichwa bila mwenyewe kuitafuta, ifutwe pamoja na faili lake. Miezi sita huonekana mifupi kwa wakuu wa idara, hasa wale wanaopenda kusema "tuna CV 400". Shikilia msimamo. CV 60 zilizothibitishwa humfaa mwajiri kuliko 400 za kubahatisha.

2. Amua nani anaona nini

Kosa la kawaida ni kuweka kila kitu wazi kwa dunia nzima, au kufunga kila kitu kwa nenosiri ambalo hakuna mwajiri atakayehangaika kuliomba. Gawa katika ngazi mbili. Ngazi ya wazi ionyeshe jina la kwanza, fani, mstari wa utambulisho, ujuzi, lugha, na tarehe mtu anapoweza kuanza kazi. Ngazi ya pili, kwa waajiri waliothibitishwa tu, ifungue jina kamili na CV yenyewe. Nambari ya simu na anwani ya barua pepe zisionekane kwenye ukurasa wowote. Mawasiliano yapite kwenye fomu, na utaratibu wake uko mbele kidogo.

Ridhaa iandikwe kwa lugha ya kawaida, kwenye kisanduku ambacho mtu anakitia alama mwenyewe. Kisiwe kimetiwa alama tayari. Itaje nini kitaonekana, kwa nani, kwa muda gani, na namna ya kujitoa. Tunza tarehe ya ridhaa pamoja na maneno aliyoyakubali siku hiyo, kwa sababu ukibadilisha maneno baadaye utahitaji kujua nani alikubali toleo lipi.

Mambo haya yaondolewe kabisa kwenye fomu na kwenye CV zenyewe: tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, dini, namba ya kitambulisho, anwani ya nyumbani na picha. Mwajiri hayahitaji ili kuchagua mtu wa kumhoji, na kila kimoja hufungua mlango wa ubaguzi au wizi wa utambulisho. Wengi husahau wadhamini. Mwisho wa CV huwa kuna majina na simu za wahadhiri na mabosi wa zamani ambao hawakukubali kuwekwa mtandaoni. Weka badala yake "Wadhamini watatolewa wakihitajika".

Tukiwa hapohapo: CV zisizotakiwa kuonekana na umma zisiingie kwenye injini za utafutaji. Wengi huandika katazo kwenye robots.txt, faili la maagizo kwa mashine za injini hizo zinazopitia tovuti, na kudhani wamemaliza. Faili hilo huzuia mashine kuusoma ukurasa, lakini anwani yake bado inaweza kujitokeza kwenye matokeo ikiwa tovuti nyingine imeiunganisha. Kinachozuia kuorodheshwa ni agizo la noindex. Kwenye ukurasa wa kawaida huwekwa katika lebo ya meta, ila PDF haina mahali pa lebo hiyo, kwa hiyo seva ndiyo itume, pamoja na kila faili, mstari wa maelezo wa X-Robots-Tag: noindex. Na usiyatumie yote mawili kwa ukurasa mmoja. Robots.txt ikiizuia mashine kuingia, mashine haitaliona agizo la noindex lililo ndani.

Anwani za kurasa zisifuate namba. Anwani inayoishia na /cv/101 humwambia mdadisi yeyote ajaribu 102, 103 na kuendelea, na ndani ya dakika chache ameshachota saraka nzima. Tumia mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu wa kubahatisha, na hata hivyo seva iulize kila mara kama anayefungua ana ruhusa. Ukurasa wa rekodi iliyofutwa ujibu 410, namba ya seva inayoashiria kwamba kitu kimeondolewa kabisa. Kuielekeza kwenye ukurasa wa mwanzo hakusaidii mtu.

3. Fomu: hapa ndipo utafutaji unapofanikiwa au kufa

PDF ni ya kusoma, haipangiki. Mwajiri anayetaka mtu wa SQL (lugha ya kuchota data kwenye hifadhidata) atakayeanza Septemba hawezi kuchuja PDF. Kwa hiyo kila rekodi iwe na sehemu za kujaza, na PDF iwe kiambatisho.

Sehemu saba zinatosha: fani na ngazi ya shahada, mwaka wa kuhitimu, mstari wa utambulisho, ujuzi, lugha, aina ya kazi inayotafutwa (ya kudumu, ya muda, mafunzo kwa vitendo, ya mbali), na tarehe ya kuanza. Kila sehemu ya nane utakayoongeza itapunguza idadi ya wanaomaliza kujaza. Tarehe zichaguliwe kwenye kalenda na kuhifadhiwa kwa mpangilio wa mwaka-mwezi-siku, kama 2025-09-01, la sivyo hazitapangika, na 03/04 itasomwa Machi na mmoja, Aprili na mwingine.

Mstari wa utambulisho uwekewe kikomo cha herufi 90. Kikomo humlazimisha mtu kuchagua. Linganisha hii:

"Mhitimu mwenye bidii, mchapakazi, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo na kushirikiana na wengine."

na hii:

"Takwimu za afya: R na SQL, usafishaji wa data za dodoso, uandishi wa ripoti."

Ya kwanza inaweza kuwa ya mtu yeyote aliyewahi kuhitimu popote. Ya pili inamwambia mwajiri ndani ya sekunde tatu kama aendelee. Weka mfano kama wa pili chini ya kisanduku cha fomu, watu watauiga.

Ujuzi usiandikwe huru. Ukiacha huru utapata Excel, MS Excel, Excell na "kompyuta", vyote vikimaanisha kitu kimoja, na anayetafuta mojawapo hataona vingine. Tengeneza orodha ya maneno 40 hadi 80 ya fani ya idara. Pa kuyapata ni matangazo ya kazi: kusanya 30 ya hivi karibuni yanayolenga wahitimu wenu, chukua maneno yanayojirudia, kisha wahadhiri wawili wa fani tofauti wayapitie. Maneno ya mitaala pekee hayatoshi. Mwajiri hatafuti "STA 301". Anatafuta mtu wa kuchambua dodoso. Nyuma ya kila neno funga visawe vyake, ili anayeandika "uchambuzi wa data" awafikie pia waliochagua "takwimu". Anayekosa ujuzi wake kwenye orodha aupendekeze, na msimamizi aukubali au auunganishe na uliopo.

Kila mtu achague ujuzi usiozidi kumi, na kila mmoja uambatane na mstari mmoja wa ushahidi: mradi, tasnifu, mafunzo kwa vitendo au cheti. Zile pau za "R 80%, Python 65%" zipige marufuku. Asilimia 80 ya nini? Hakuna anayejua, na mwajiri mwenye uzoefu huziona kama pambo. Kwa lugha kipo kipimo kinachoeleweka kwingi, ngazi za CEFR, kipimo cha Ulaya cha umahiri wa lugha, kuanzia A1 ya chini hadi C2 ya juu. Ziweke kwenye menyu na maelezo mafupi ya kila ngazi, maana bila maelezo kila mtu hujipa C1.

4. Faili la CV lenyewe

Pokea PDF tu. Faili la Word hubadilisha sura likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine, na linaweza kuja na makro (programu ndogo zilizofichwa ndani ya faili) zenye madhara. Seva isiamini jina la faili. Baiti za kwanza za PDF halisi husomeka %PDF-, kwa hiyo kagua hizo, kwa sababu mtu anaweza kuipa picha jina la cv.pdf na mfumo ukaipokea. Weka kikomo cha MB 2. CV ya maandishi ya kurasa mbili haifiki huko, na inayozidi kwa kawaida imeskaniwa au ina picha kubwa.

CV iliyoskaniwa ni tatizo kimyakimya. Kwa macho inasomeka vizuri, ila ndani ni picha tupu: kisanduku cha kutafuta hakioni neno hata moja, na kisoma skrini cha mtu asiyeona hakina cha kusoma. Jaribio lake ni jepesi. Fungua faili, jaribu kuchagua sentensi moja kwa kipanya na kuinakili. Isipochagulika, irudishe kwa mwenyewe aihifadhi upya kutoka programu aliyoiandikia. Kwenye seva, programu kama pdftotext, inayotoa maandishi ndani ya PDF, itakufanyia ukaguzi huo, na matokeo yakiwa matupu faili likataliwe palepale kwa ujumbe unaoeleza sababu. Ujumbe wa "Hitilafu imetokea" haumsaidii mtu yeyote.

Nakili pia maandishi ya CV yenye safu mbili uone mpangilio wake. Mara nyingi mistari ya safu ya kushoto na kulia huchanganyika, ukapata "2023 Python Shahada ya Microsoft". Mifumo ya waajiri inayosoma CV hukumbana na fujo hiyohiyo. Safu moja ni salama zaidi.

Fungua vilevile taarifa za ndani za faili. Kichwa kinachoonekana juu ya dirisha la msomaji hutoka humo, na si ajabu kukuta "Document1", au jina la rafiki ambaye CV yake ilinakiliwa na kubadilishwa. Mfumo uzifute taarifa hizo na kuweka jina la mwenye CV wakati wa kupakia. Jina la faili anapolipakua mwajiri lifuate kanuni moja, mfano jina-la-ukoo_jina_fani.pdf. Mwajiri akipakua CV kumi zote zikiitwa CV-final.pdf, tisa zitapotea kwenye folda yake.

5. Ukurasa wa kutafutia

Weka kisanduku kimoja cha kutafuta na vichujio visivyozidi vitano: fani, ngazi, ujuzi, aina ya kazi, tarehe ya kuanza. Pembeni ya kila chaguo ionyeshwe idadi ya watu waliopo, na chaguo lenye sifuri lisionekane. Mwajiri akibofya mara mbili na kukutana na "Hakuna matokeo", ameshapata picha ya saraka nzima.

Mpangilio wa alfabeti unaonekana wa haki, lakini huwapa wenye majina ya A na B nafasi ya kusomwa kila siku huku wa Y na Z wakibaki ukurasa wa tano. Panga kwa tarehe ya kuthibitisha, waliothibitisha karibuni juu, na wa siku moja wachanganywe upya kila asubuhi. Faida nyingine ni kwamba watu watakuwa na sababu ya kuhuisha CV zao.

Kila tokeo lionyeshe mistari mitatu: utambulisho, ujuzi, na "Yuko tayari kuanzia tarehe fulani. Amethibitisha mwezi fulani." Hayo maneno ya kuthibitisha yasikosekane, maana ndiyo yanayompa mwajiri imani ya kuandika.

Kwa usomaji, fuata vipimo vya WCAG, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazotumika na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu: maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na vitufe visiwe vidogo kuliko pikseli 24 kwa 24. Kijivu hafifu juu ya nyeupe, kinachopendwa na wabunifu, hushindwa kipimo hicho mara nyingi. Ijaribu saraka kwenye simu kabla ya kompyuta.

6. Mlango wa mawasiliano, na matapeli

Saraka ya watu wanaotafuta kazi ni windo zuri kwa tapeli. Mwajiri ajisajili kwa anwani ya barua pepe ya kikoa (jina la mtandaoni) cha taasisi yake. Msimamizi athibitishe kwa kupiga nambari iliyo kwenye tovuti rasmi ya taasisi hiyo. Ile aliyoiandika mwombaji kwenye fomu isitumike, kwa kuwa tapeli ataandika yake. Kampuni ndogo zinazotumia anwani za bure zisikataliwe moja kwa moja, ziombwe uthibitisho wa usajili wa biashara. Akaunti moja isitume zaidi ya jumbe 20 kwa siku.

Juu ya kila ujumbe unaopita kwenye fomu, mfumo uongeze onyo: "Idara haijaithibitisha nafasi hii. Usilipe ada yoyote, wala usitume nakala ya kitambulisho au taarifa za benki kabla ya usaili." Chini yake kiwepo kiungo cha kuripoti. Ripoti mbili zitoshe kuisimamisha akaunti hadi ichunguzwe.

Kama waajiri wanalalamika kwamba hawajibiwi, kabla ya kuwalaumu wahitimu kagua anwani ya mtumaji. Fomu nyingi hutuma barua zikionekana zimetoka kwa mwajiri, wakati kwa kweli zimetoka kwenye seva ya chuo. Ukaguzi wa SPF na DMARC, unaoangalia kama seva imeruhusiwa kutuma kwa jina la anwani hiyo, huona udanganyifu na kuzitupa kwenye barua taka. Mtumaji awe anwani ya idara, na anwani ya mwajiri iwekwe kwenye sehemu ya Reply-To, yaani pale majibu yanapoelekezwa.

7. Jaribio, vipimo na makabidhiano

Kabla ya kuitangaza, tafuta watu watano wanaoajiri na uwape kazi moja: "Tafuta mtu wa mafunzo kwa vitendo anayejua SQL, atakayeanza Septemba, umtumie ujumbe." Kaa kimya utazame. Ukijikuta unaeleza pa kubofya, ukurasa ndio wenye kasoro. Anayechukua zaidi ya dakika tatu andika alipokwama.

Idadi ya waliotembelea ukurasa haikuambii mengi. Fuatilia jumbe zilizotumwa na waajiri, ngapi zilijibiwa ndani ya siku tano, na maneno yaliyotafutwa bila kuleta matokeo. Hayo ya mwisho ni hazina: kila mwezi yapitie, mengine yatakuwa visawe ulivyosahau, mengine ujuzi ambao idara haiufundishi bado. Na mtu anapobofya "Nimepata kazi", muulize swali moja tu, kama aliipata kupitia saraka.

CV mpya zipatikane kwa kipindi kimoja cha dakika 90 na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kila mmoja akitoka rekodi yake imekamilika. Tangazo la barua pepe peke yake huleta wachache, na huwa ni walewale.

Mwisho, saraka iwe mali ya cheo. Ikiendeshwa na mwanafunzi wa kujitolea, siku anayohitimu huondoka na nenosiri. Tumia anwani ya ofisi inayofunguliwa na watu wawili, na ukurasa mmoja wa makabidhiano: seva iko wapi, nani analipia kikoa na kinaisha lini, nakala za akiba zinahifadhiwa wapi, ratiba ya siku 150, 165 na 180, na namna ya kumthibitisha mwajiri. Ongeza humo orodha ya namba za rekodi zilizofutwa, bila majina. Siku mtakapolazimika kurejesha nakala ya akiba, wote waliofutwa baada ya nakala hiyo kuchukuliwa watarudi hewani, na orodha hiyo ndiyo itakayowaondoa tena kabla saraka haijafunguliwa kwa umma.